Sivyo Alivyosema

Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ile ambayo shuleni tungekuwa tunagombea mabenchi ya bwaloni, nilipoinua macho nikamwona Bi Sivyo amesimama mbele ya meza ya Mjomba. Bisibisi ikaniponyoka, ikatumbukia ndani ya simu ya mteja.

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi si mtu wa kudondosha vitu. Mjomba, ambaye ni fundi simu na hasifu mtu ovyo, aliwahi kusema nashika kibano kama daktari wa macho. Lakini ni daktari gani wa macho aliyewahi kufanya upasuaji huku akitazamwa na msichana ambaye hajamwona tangu mtihani wa mwisho? Na kwa macho yale! Makubwa, yenye ule mng'ao mdogo mweupe pembeni ambao wachoraji wa anime, zile katuni za Kijapani, huuweka kwa makusudi ili mtazamaji akose usingizi. Miaka yote nilidhani wachoraji wanatudanganya. Siku hiyo nilitambua kwamba wao walichora tu walichokiona.

"Nani huyo?" Mjomba akauliza, uso wake ukiwa umezama kwenye lenzi ya kukuzia.

"Mteja."

"Wateja huwa hawakutoi jasho puani."

"Shikamoo, Mjomba," Bi Sivyo akasema.

"Marahaba, binti. Simu imefanya nini?"

"Simu haina neno. Nimekuja kumwazima huyu."

Mjomba akavua lenzi. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama bisibisi iliyozama. "Kumwazima?"

"Kwa muda mfupi tu. Bibi yangu anamtaka."

"Bibi yako, au mjukuu wa bibi yako?"

"Mjomba!" nikasema.

"Mchukue," Mjomba akasema, akirudisha lenzi yake jichoni. "Akiharibika huko usinirudishie. Huyu hana garantii."

Hapa inabidi nisimamishe picha, kama wanavyofanya kwenye anime ngumi ikiwa imebaki kidogo tu igonge pua, shujaa akaanza kukumbuka utoto wake. Mimi binafsi naichukia tabia hiyo. Mtu anakaribia kung'olewa meno, wewe unatuonyesha alivyokuwa akicheza na paka wa jirani? Lakini leo naielewa. Kuna ngumi ambazo huwezi kuzielewa bila kujua habari za paka.

Shule yetu ya bweni ilikuwa na klabu ya filamu. Kila Jumamosi mchana, vyombo vikishaoshwa, tulifunga madirisha, tukatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mbele wa bwalo na kuwasha projekta. Shuka lilikuwa fupi. Picha yote ilienea vizuri, isipokuwa maandishi ya chini, yale ya kutafsiri, ambayo yalimwagikia kwenye dirisha la kugawia chakula. Mbao za dirisha hilo zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni, kwa hiyo yalisomeka tu kwa aliyekaa benchi la kwanza kabisa, pua yake ikikaribia kugusa masufuria. Aliyekaa hapo nilikuwa mimi. Sikukaa kwa ajili ya sanaa. Nilikaa ili filamu ikiisha niwe wa kwanza kwenye foleni ya maharage.

Ndivyo taaluma yangu ilivyozaliwa, kwa njaa. Waliokuwa nyuma walipiga kelele, "Anasema nini? Anasema nini?" nami nikaanza kuwasomea kwa sauti. Kijapani sikijui hata salamu. Kiingereza cha kwenye mbao nilikijua kiasi. Palipopungua, nilijazia kwa kipaji. Jemadari wa majini alizungumza kama mwalimu wa zamu akikagua vitanda. Jini la barafu lililokula miji mizima nililipa sauti ya matroni, nalo likawa linauliza kila shujaa kama ameoga. Bwalo zima lilijua naongeza chumvi, na ndiyo hiyo chumvi waliyoifuata. Wakaniita Mkalimani.

Isipokuwa mtu mmoja. Kutoka mabenchi ya wasichana, katikati ya vicheko, sauti moja nyembamba ilikuwa ikichomoza kama sindano:

"Sivyo! Sivyo alivyosema!"

Yeye alikuwa ameshaziona nyingi kwao, likizo, kwa maandishi kamili. Alikuja bwaloni kutetea haki za wahusika waliochorwa kwa penseli. Nikampa jina la Bi Sivyo, na jina likamkaa kama sare mpya.

Na mabishano yetu hayakuishia bwaloni. Yalihamia kwenye foleni, kwenye bomba la maji, mpaka kwenye ngazi za maktaba. Mimi nilishikilia kwamba filamu ya roboti aliyelelewa na bata ni kazi kuu ya karne. Yeye alisema ni kelele za bati. Mimi nilisema shujaa akitangaza jina la pigo lake kabla ya kupiga, adui ana haki ya kuondoka. Yeye akasema huo ni ustaarabu. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba chakula cha kwenye anime, na ule mvuke wake uliochorwa taratibu, ni ukatili kumwonyesha mtoto wa bweni.

Tuligombana zaidi juu ya ukimya. Kila anime nzuri ina mahali ambapo watu wawili wanatazamana, upepo unapita, jani linaanguka, na hakuna anayesema kitu. Nikifika hapo niliwatangazia watu: "Ndugu watazamaji, mchoraji amekwenda kunywa chai." Bwalo lilicheka. Bi Sivyo hakucheka.

"Hapo ndipo pazuri kuliko pote," aliniambia siku moja bombani, ndoo yake ikimwagika bila yeye kujua. "Na wewe ndipo unapopaharibu."

"Hakuna maandishi pale. Nitafsiri nini?"

"Usitafsiri. Nyamaza."

"Nikinyamaza, nitaitwa Mkalimani wa nini?"

Basi. Ngumi iendelee.

* * *

Tulitembea kwa mguu kuelekea kwao, tukipita nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, yeye upande wa kivuli, mimi upande wa jua. Alikuwa amesuka. Shuleni hatukuruhusiwa kusuka, kwa hiyo nilikuwa namwona mtu yuleyule akiwa na kichwa kipya, na sikujua kama inafaa kusema kitu au kupita kimya kama sijaona.

"Umesuka," nikasema.

"Umegundua. Hongera."

"Bibi yako ananitakia nini?"

"Unaukumbuka mfululizo wa wawasha taa?"

Nani angeusahau? Kwa wasioufahamu: kuna mji ambao jua liliacha kuchomoza. Msichana anayebeba ngazi na mvulana anayebeba kopo la mafuta wanapita mtaa kwa mtaa wakiwasha taa za barabarani. Ndio uliokuwa mfululizo wetu wa mwisho shuleni. Mitihani ikaingia, klabu ikafungwa, na sehemu ya mwisho hatukuiona kamwe. Tuliondoka shuleni tukiwa tumeuacha mji ule gizani.

"Sijaiona mpaka leo," Bi Sivyo akasema.

"Wewe? Wewe ambaye huangalia kila kitu kabla ya wenzako?"

"Nilikuwa naangalia na Bibi likizo hii, tangu mwanzo. Macho yake yana ukungu sasa, anaona vivuli tu, kwa hiyo namsomea maandishi. Tumefika sehemu ya mwisho, akakataa." Akasita. "Anasema nasoma kama mtu anayetangaza kupotea kwa mbuzi."

Nilicheka mpaka nikasimama.

"Usicheke. Akasema: 'Niletee yule kijana unayemlalamikia kila siku. Mtu anayelalamikiwa hivyo lazima anajua kazi.'"

Nikaacha kucheka. "Kila siku?"

Alitazama mbele, nami nikaona sikio lake limepata joto, kama mashavu ya msichana yeyote wa anime ambaye mchoraji anamwongezea vistari viwili vya rangi chini ya macho.

"Kwa nini leo?" nikauliza. "Tungeweza wiki ijayo, nikiwa nimeoga vizuri."

"Wiki ijayo hatupo. Mama amehamishiwa kazi hospitali nyingine, mbali. Lori linakuja leo alasiri."

Aliisema kwa ile sauti yake ya kutangaza mbuzi, bila kupandisha wala kushusha, na nikaelewa kwa nini Bibi aliikataa.

"Basi nipe namba yako."

"Simu ninayo, lakini laini yangu iko kwenye mkoba wa Mama mpaka nianze chuo. Hataki niwasiliane na mtu yeyote wa bwaloni."

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote ni wewe."

Hilo nalo lina habari zake. Siku ya wazazi kutembelea shule, klabu iliwaonyesha wageni filamu, nami nikampa malkia wa wachawi sauti ya mwalimu mkuu, pamoja na kile kikohozi chake kabla ya kila tangazo. Bi Sivyo, ambaye hakuwahi kucheka, siku hiyo alicheka mpaka akaanguka benchini, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. Alisugua masufuria ya jikoni kwa adhabu mbele ya mama yake mzazi. Mimi nilijitolea kusugua naye. Mama yake alinitazama nikiwa nimeingia nusu mwili ndani ya sufuria, akasema maneno ambayo nayabeba hadi leo: "Kijana asiyeweza kurudia neno la mwenzake bila kuweka la kwake, akiniambia kitu juu ya binti yangu nitajuaje ni kweli?"

Swali hilo niliingia nalo uani kwao.

* * *

Sebule ilikuwa imebaki mifupa. Mapazia yameshushwa, zulia limekunjwa, ukutani kuna alama za mraba pale zilipokuwa picha. Kilichobaki kilikuwa televisheni juu ya stuli, kiti cha Bibi, na Bibi mwenyewe juu ya kiti hicho, amejifunika khanga miguuni kana kwamba yeye hahami. Nyuma ya televisheni, kwenye meza ya chakula, Mama alikuwa anafunga glasi kwa magazeti na kuzipanga sandukuni. Mama ni mkunga. Ana mikono ya mtu aliyezoea kupokea vitu vinavyovunjika.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi akasema, akinigeuzia uso. "Ndiye huyu? Mbona sauti ni ndogo? Nilitegemea mtu mzima."

"Itakua akianza," Bi Sivyo akasema.

"Marahaba," Mama akasema. Akavuta gundi ya utepe ya kufungia masanduku, kraaa, akaikata kwa meno. "Lori likifika, televisheni inazimwa. Hata kama shujaa yuko katikati ya kufa."

"Sawa, mama."

"Na wewe binti, kaa sandukuni. Sanduku lile." Kulikuwa na masanduku mawili ya kukalia, moja kila upande wa Bibi. Mkunga alikuwa amepima umbali.

Wimbo wa mwanzo ukaanza. Kwa desturi mimi huuruka. Nasema ni kama kusomewa bahasha kabla ya barua. Nikanyoosha mkono kwenye rimoti, na Bi Sivyo akaniangalia. Nikaurudisha mkono. Tukausikiliza wote mpaka mwisho, kinanda kile na ngoma zile nyepesi, na ghafla nikasikia harufu ya bwalo: sabuni ya kipande, moshi, shuka lililotundikwa likiwa bado na unyevu. Nikaona vichwa mia vilivyonyolewa vikitikisika gizani. Sikujua kwamba mtu anaweza kukumbuka mahali alipokuwa akipaita jela.

"Unalia?" Bi Sivyo akanong'ona nyuma ya kiti.

"Vumbi la kuhama."

"Acheni kunong'ona, nifahamisheni," Bibi akasema.

Nikaanza kazi. Na naomba pia hili liingie kwenye kumbukumbu: nilitafsiri vizuri. Msichana wa ngazi nilimpa sauti ya kawaida, mvulana wa mafuta nilimpa yangu. Bibi alishika mkono wa kiti, akawa anasema "Ehe!" na "Masikini!" na "Mwambie aangalie ngazi!" Upande wa pili sikusikia "sivyo" hata moja. Nyuma ya televisheni gundi iliendelea kulia, kraaa, kraaa, na kila ilipolia nilikumbuka kwamba nyumba inafungwa huku mimi nikihadithia.

Kisha jua likachomoza.

Katika mji wa wawasha taa, jua likachomoza juu ya mapaa, na watu wakatoka nje wamefunika macho. Ilitakiwa iwe furaha. Lakini taa zote zikawa hazina kazi, na msichana akapata habari kwamba kuna mji mwingine, mbali, ambao bado uko gizani. Akachukua ngazi yake. Mvulana akamsindikiza kituo cha treni. Msichana akaingia, akakaa dirishani. Mvulana akasimama nje, kopo lake likiwa tupu mkononi.

Wakatazamana. Upepo ukapita. Jani likaanguka.

Chini ya picha hapakuwa na neno.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

Mchoraji amekwenda kunywa chai. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini mwangu, yamezoea njia. Nikageuka kumtazama Bi Sivyo. Alikuwa ananitazama tayari, na macho yake yalikuwa na ule mng'ao, ila safari hii ulikuwa unatikisika.

"Anasema..." nikaanza. "Anasema zile taa alikuwa akizikosea kwa makusudi. Tangu siku ya kwanza alijua namna ya kuziwasha vizuri. Lakini akiziwasha vizuri, msichana hana sababu ya kumpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara. Na yeye alikuwa anaingoja ile kelele wiki nzima."

Gundi ikaacha kulia.

Nilingoja. Neno la Bi Sivyo, lile moja tu, hapa lingekuwa mahali pake kabisa. Hakukuwa na uongo mkubwa zaidi katika maisha yangu yote ya ukalimani. Kwenye kioo, mvulana alikuwa hajafungua hata mdomo. Nilingoja anichome kwa sindano yake.

"Na msichana?" Bibi akauliza. "Msichana anamjibuje?"

Bi Sivyo akavuta pumzi. "Msichana anasema alikuwa anajua," akasema, polepole, na haikuwa sauti ya kutangaza mbuzi. "Anasema angeweza kukaa nyumbani kwake. Taa zote za mtaa ule alikuwa ameshaziona zikiwaka. Alikuwa anarudi kila wiki kwa sababu ya yale makosa."

Wallahi, sanduku nililokalia lilikuwa na masufuria, na nilihisi yote yanaruka.

Treni ikaanza kusogea. Picha ikafifia. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda taratibu kwenye weusi.

"Mhh," Bibi akasema hatimaye. "Macho yangu ni mabovu. Masikio bado ni yangu. Hao wawili hawajasema kitu. Kilikuwa kinanda kitupu."

"Hata mimi nimesikia kinanda," Mama akasema.

Alikuwa ameinuka. Akazunguka meza akiwa na gundi yake mkononi kama bangili, na nje, kana kwamba limelipwa kuja wakati huo, lori likapiga honi.

"Nilisema mimi," Mama akaendelea. Hakupandisha sauti, wakunga hawapandishi. "Nilisema kijana huyu haachi maneno ya watu yalivyo. Na wewe! Wewe ambaye hunipi raha, kila nikisimulia jambo, 'Mama, sivyo, mama, umekosea', leo umekuwa nani?"

"Mama..."

"Lori limefika. Tulikubaliana." Akainama kushika waya.

"Majina bado," Bi Sivyo akasema, akisimama.

"Majina haya tunayasoma? Unamjua nani hapo?"

"Huwa kuna kipande baada ya majina. Mara nyingi. Yeye hajawahi kukiona hata kimoja." Akanigeukia, na machozi yalikuwa yameanza kushuka bila aibu yoyote. "Hujui hilo, sivyo? Filamu zote zile. Majina yakianza tu unakimbilia foleni, na wenzako wote nyuma yako. Nilikuwa nabaki peke yangu. Kila Jumamosi nilikuwa nataka kukuambia ukae."

Nikawaza maharage yote niliyoyawahi. Sikumbuki hata sahani moja ilikuwa na ladha gani.

"Acha waya," Bibi akasema.

"Mama, lori..." Mama akamwambia Bibi.

"Dereva hajafa. Na mimi nimekalia kiti anachotaka kukipakia. Acha waya, mwanangu, uje usome mwenyewe. Wewe si unataka ushahidi?"

Ndipo nilipojua Mama naye ni mtoto wa mtu. Akaacha waya. Akaja kusimama mbele kabisa, mikono kifuani, macho kwenye kioo, kama msimamizi wa mtihani aliyeamua kuufanya yeye.

Majina yakapanda. Wimbo ukapungua mpaka ikabaki noti moja. Kisha weusi ukafunguka, na tukarudi kituoni. Treni haikuwa imefika mbali. Mvulana alikuwa bado amesimama palepale. Akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akafungua mdomo. Chini yake yakatokea maandishi, mstari mmoja mfupi.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

Nilikuwa na vichekesho vitano tayari. Nilikuwa na vingine vya huzuni, vizuri zaidi. Vyote nikaviacha.

"Anasema: 'Ukifika, niambie kama taa zinawaka.'"

Kioo kikazima chenyewe.

Bibi akageuza uso kuelekea sanduku la mjukuu wake. "Ndivyo?"

Bi Sivyo alifuta mashavu kwa kiganja. Miaka yote ya bwalo ilikuwa ndani ya chumba kile, na shuka fupi, na mbao nyeusi, na mimi nikiwa nimempa mgongo kila Jumamosi.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo alivyosema."

Mama alikuwa bado anakitazama kioo cheusi ambamo sote wanne tulionekana kama vivuli.

"Nimesoma," akasema. "Hakuongeza." Kisha, kama mtu aliyejikwaa akakasirikia jiwe, "Taja namba yako."

"Mama?" nikauliza.

"Namba ya simu. Au hiyo nayo inahitaji mkalimani?"

Nikaitaja. Alivuta gundi, kraaa, akaikata kwa meno, akaandika namba yangu juu yake kwa kalamu nene, akaenda kuibandika kwenye sanduku la glasi, chini ya maneno SHIKA TARATIBU.

"Glasi nazifungua mwisho," akasema. "Na nitakayepiga ni mimi. Sasa beba hilo. Ukilidondosha, namba yako inabaki barabarani."

Nililibeba mpaka kwenye lori. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba halikutikisika. Bi Sivyo alipita kando yangu na mto wa Bibi kifuani, bega lake likagusa langu, na hakuna kati yetu aliyesema kitu. Upepo ulipita. Jani halikuanguka, mtaa ule hauna mti. Lakini nilielewa kwamba mchoraji hakuwa amekwenda kunywa chai hata siku moja.

* * *

Siku zilizofuata nilikuwa naweka simu yangu mezani kwa Mjomba, katikati ya simu wagonjwa, na kila ya mteja ilipolia niliruka. Mjomba akatishia kunifungua aangalie ni waya gani umekatika.

Ilipolia yangu, Mjomba ndiye aliyeiona kwanza. "Mgonjwa wako amezinduka," akasema.

"Mkalimani?" ikasema sauti isiyopandishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefungua glasi. Hakuna iliyovunjika."

"Nashukuru, mama."

"Bibi anakusalimu, anauliza kama kuna mfululizo mwingine. Sasa, huyu hapa pembeni yangu anasema nikwambie tumefika salama, taa zinawaka, na kwamba yeye anakukumbuka vizuri, kama mwanafunzi mwenzake wa zamani, basi."

Na nyuma ya sauti ya Mama, mbali, kama inatoka kwenye mabenchi ya upande wa pili wa chumba kikubwa, ikachomoza ile sindano:

"Sivyo! Mama, sivyo nilivyosema!"

Mama akacheka. Sikuwahi kujua kwamba anaweza.

Nilisimama na simu sikioni, mkono mwingine ukiwa na bisibisi.

"Mbona kimya?" Mjomba akauliza. "Wewe, leo umeishiwa?"

Nikamwonyesha kidole asubiri, nikaendelea kunyamaza.